Jino Limepinda? Tafuta Kwanza Nani Alichukua Nafasi Yake

Kazi yangu ni afya ya kinywa katika jamii. Nimeifanya Kisumu mjini, Ahero na vijiji vya Vihiga. Tunapozuru shule huwa nakaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la pili, tochi mkononi, watoto wamepanga foleni hadi mlangoni. Mzazi akiwepo, swali lake ni lile lile: "Daktari, meno ya huyu yamepinda. Atawekwa waya lini?"

Swali hilo limeruka hatua. Jino linapotoka kwenye ufizi hufuata nafasi, na likishatoka hukaa pale ambapo ulimi kwa ndani, na midomo na mashavu kwa nje, vimeliruhusu likae. Kwa hiyo ukiona jino limekaa upande, uliza mambo mawili kabla hujafikiria waya: nafasi yake ilikwenda wapi, na ni kitu gani kinalisukuma? Mara nyingine jibu ni urithi tu. Ukubwa wa meno hurithiwa, ukubwa wa taya hurithiwa, na si lazima viwili hivyo vilingane. Lakini mara nyingi mno huku kwetu nimekuta nafasi ilipotea mchana kweupe, mikononi mwa mtu aliyekuwa akijaribu kusaidia. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Nimezipanga dalili kwa kufuata umri, kwa sababu jambo ambalo kwa mtoto wa miaka 7 ni la kungoja, kwa wa miaka 13 huwa ni la kukimbilia hospitali.

Kwanza mwangalie vizuri

Mkalishe mtoto mlangoni penye mwanga, washa tochi ya simu, na usogeze shavu kwa mpini wa kijiko. Mwambie aume kwa meno ya nyuma, kama anayetafuna nyama. Ukimwambia tu "uma", watoto wengi husogeza taya mbele ili meno ya mbele yakutane, na tatizo linajificha.

Meno ya juu yanatakiwa kuyafunika ya chini kidogo kwa nje, mbele na pande zote mbili, kama kifuniko cha sufuria. Kisha hesabu. Jino likitoka upande wa kushoto, la kulia linapaswa kulifuata ndani ya miezi 6 hivi. Likichelewa zaidi ya hapo, usiridhike na "litakuja tu". Huenda kuna kitu kimelizuia ndani ya mfupa, na picha ya eksirei itaonyesha.

Angalia pia nyuma kabisa. Karibu na miaka 6, gego la kwanza la kudumu hutoka nyuma ya magego ya utotoni. Hakuna jino linalong'oka kulipisha, kwa hiyo mzazi huona ni jino la utotoni na kuliacha lioze. Gego hilo ni nguzo ya mdomo mzima. Mmarekani Edward Angle alipogawanya aina za meno yaliyopangana vibaya mwaka 1899, alitumia jinsi gego hilo la juu linavyokutana na la chini, na mpaka leo madaktari wanaanzia hapo. Likipotea, kila jino lililo jirani hulegeza mstari.

Meno yametoka safu mbili chini mbele (miaka 6 na 7)

Hii ndiyo huwatisha wazazi zaidi, na ndiyo nyepesi kuliko zote. Meno ya kudumu ya chini hutokea nyuma ya yale ya utotoni, upande wa ulimi. Kama ya utotoni yanacheza, mwache mtoto ayatikise kwa ulimi na kidole safi. Yakishang'oka, ulimi utayasukuma mapya mbele wenyewe. Usikimbilie kufunga uzi kwenye kitasa cha mlango.

Ikipita miezi miwili au mitatu na jino la utotoni bado limesimama imara, nenda kwa daktari wa meno aling'oe. Yakiwa ni ya juu, nenda mapema zaidi. La juu likitokea kwa ndani linaweza kunaswa nyuma ya safu ya chini, na likishanaswa ulimi hauna nguvu ya kulitoa.

Mwanya katikati ya meno mawili ya juu (miaka 8 hadi 11)

Ngoja. Mizizi ya meno hayo inabanwa na chonge ambazo bado ziko juu ndani ya mfupa, ndiyo maana vichwa vya meno vinafunguka kama vidole vya kiganja. Chonge zikishuka, karibu miaka 11 au 12, mwanya huo mara nyingi hujifunga. Ukibaki na mtoto anaupenda, uacheni. Kwetu mwanya ni urembo, na sijawahi kumshauri mtu auzibe kwa kuwa tu mwenzake mtandaoni ameuziba.

Kinachohitaji picha ni mwanya mpana unaokaa, hasa jino moja likiwa limejigeuza, kwa maana huenda kuna jino la ziada limejificha katikati. Na tafadhali, mtu asifunge raba ya nywele au ya pesa kwenye meno hayo mawili ili yakaribiane. Raba huteleza ikapanda chini ya ufizi hadi kwenye mzizi, haionekani tena, na hula mfupa taratibu mpaka meno mazima yanalegea na kutoka.

Chonge imesimama juu, nje ya safu

Hapa nitakaa kidogo.

Katika taya la juu, chonge ni miongoni mwa meno ya mwisho kutoka mbele ya gego la miaka 6. Meno ya mbele yameshatoka tangu miaka 7 hadi 9, gego dogo la kwanza limetoka kwenye miaka 10. Chonge inafika matatu imejaa. Inasimama juu ya wenzake, kwenye ufizi, na mdomo unaonekana kuvimba upande mmoja hata mtoto akiufunga.

Nafasi yake ilikwenda wapi? Mara nyingi ilipotea miaka minne au mitano nyuma, siku ambayo gego la utotoni lilioza likang'olewa. Watu husema, "Ni la utotoni, litaota lingine." Kweli litaota, lakini magego ya nyuma ya utotoni yanatakiwa kukaa mpaka miaka 10 hadi 12. Kazi yake si kutafuna tu, yanashika nafasi. La nyuma kabisa ni pana kuliko jino litakalokuja kuchukua mahali pake, na upana huo wa ziada ndiyo akiba ya mstari mzima. Ukiling'oa mtoto akiwa na miaka 6 au 7, gego la kudumu lililo nyuma yake huanza kuteleza mbele. Haliumi, halitoi damu, hakuna anayeliona likisogea. Likifika mbele, mlango umefungwa.

Mimi niling'olewa gego kama hilo nikiwa na miaka 7, kwenye zahanati ambayo jina lake halina haja hapa. Jino lilikuwa limeoza, kung'olewa kulistahili. Ila hakuna aliyemwambia mama yangu kwamba kuna kifaa kidogo cha kushikilia nafasi: pete ya chuma inayovishwa gego la nyuma, na mkono wa waya unaofika hadi jino la mbele ili pengo lisizibe. Mama angeuza kuku akalipa, najua hivyo. Nilienda shule ya upili chonge yangu ya kulia ikiwa juu, nikajifunza kucheka huku nimeweka kiganja mdomoni. Niliwekwa waya nikiwa na miaka 29, kwa mshahara wangu mwenyewe.

Kwa hiyo mtoto wako akiambiwa gego la utotoni ling'olewe kabla ya miaka 9, uliza maswali mawili palepale kwenye kiti: "Haliwezi kuzibwa?" na "Likitoka, nafasi tutaishikiliaje?" Daktari hatakasirika, na yule mwema atafurahi kuulizwa.

Kama chonge imeshasimama juu, usikubali ing'olewe ili "mstari ukae sawa". Chonge ina mzizi mrefu kuliko meno yote, na ndiyo inayobeba kona ya uso. Mtaalamu wa kunyoosha meno akiona pamejaa mno, kwa kawaida huondoa gego dogo lililo nyuma yake na kuishusha chonge mahali pake. Wazazi huona ajabu kwamba jino zuri linatolewa ili bovu libaki. Bovu si chonge. Chonge ilikosa kiti tu.

Chonge haionekani kabisa

Mtoto akifika miaka 10, pitisha kidole kwenye ufizi wa juu, kwa nje, juu ya mahali pa chonge ya utotoni. Unapaswa kuhisi kivimbe kigumu kila upande. Usipokihisi, au ukakihisi upande mmoja tu, omba eksirei. Huenda chonge imelala upande wa kaakaa. Ikigunduliwa mapema, kuondoa chonge ya utotoni peke yake huweza kuifanya ya kudumu igeuke na kushuka. Ikiachwa hadi miaka 15 au 16, itabidi ifunuliwe kwa upasuaji mdogo na kuvutwa kwa waya, na wakati huo huo inaweza kuwa imeshakula mzizi wa jino jirani.

Lakini kuna chanzo kingine cha chonge zilizopotea, na ni kwa ajili yake nauliza maswali ya utotoni kwa sauti ya chini.

Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka 9 kutoka upande wa Nyando. Chini, chonge za utotoni hazikuwepo, upande wa kushoto hakukuwa na dalili ya chonge ya kudumu, na meno ya mbele yalikuwa yamehama yote kuelekea kwenye pengo, hata mstari wa katikati ukawa umekaa upana wa jino zima upande wa kushoto. Nikamuuliza, "Mama, alipokuwa mchanga, kuna mtu alimtoa meno ya plastiki?" Akanyamaza, akatazama mlango. Kisha akasema, "Dani yake, yaani nyanya yake, ndiye alimpeleka. Alikuwa anaharisha, Daktari. Tulidhani tunampoteza."

Sikumlaumu, wala dani sikumlaumu. Mtoto wa miezi 5 anaharisha, ana homa, na kwenye ufizi, mahali pa chonge, pana kivimbe cheupe. Mtu anayeaminika kijijini anasema hilo ndilo jino la plastiki linalomuua. Analichokoa kwa sindano, kwa wembe au kwa spoku ya baiskeli, anatoa kitu kidogo laini cheupe, na kila mtu anakiona kwa macho. Kile kilichotolewa ni jino. Ni chonge ya utotoni ikiwa bado haijakomaa, nzima, isiyo na kosa. Chini yake pamelala chipukizi la chonge ya kudumu, ambalo hujeruhiwa pamoja nayo: jino halioti, au linaota limekunjamana, au linatokea mahali si pake. Na hayo ya meno ndiyo madogo. Watoto wamepata pepopunda, sumu ya damu na virusi vya UKIMWI kwa vifaa hivyo hivyo, na wengine wamekufa.

Kuharisha kwa umri huo hutokana na vijidudu, kwa kuwa ndio wakati mtoto anaanza kula na kutia kila kitu mdomoni. Tiba yake ni ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) na zinki, kunyonyesha bila kukoma, na kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo akiwa mlegevu au macho yameingia ndani. Kivimbe cheupe kwenye ufizi kiacheni. Kitatoka kikiwa chonge.

Kama kilishatolewa, mlete mtoto kwa eksirei akiwa na miaka 6 au 7. Tutajua mapema ni jino gani halipo, na tunaweza kulinda nafasi ama kupanga meno mengine yajaze pengo vizuri.

(Swali ambalo hunifikia hapa: je, mapengo ya wazee wetu, yale meno 6 ya mbele ya chini yaliyotolewa kwa desturi ya Waluo? Hayo ni jambo jingine. Yalitolewa kwenye umri wa kubalehe, meno ya kudumu ya mbele yakiwa yameshaota, na babu mwenye pengo hilo hakumrithisha mjukuu meno yaliyopinda.)

Meno ya juu yametokeza mbele, au ya mbele hayakutani

Muangalie dole gumba lake. Likiwa safi kuliko vidole vingine, limekunjamana na lina sugu, umeshapata jibu. Kidole kinachonyonywa usiku kucha husukuma meno ya juu mbele, ya chini ndani, na huacha tundu la duara mbele hata magego yakiwa yameumana. Mtoto akiacha kabla meno ya mbele ya kudumu hayajatoka, tundu hilo kwa kawaida hujifunga. Pilipili na kiapo cha fimbo sikubaliani navyo: mtoto ananyonya kwa ajili ya utulivu, na woga unamwongezea haja. Soksi mkononi usiku na sifa asubuhi vimefanya kazi kuliko pilipili.

Kama hanyonyi kidole, msikilize akilala. Anayekoroma na kulala mdomo wazi kila usiku huenda ana nyama nyuma ya pua, na wa kumwona kwanza ni daktari wa masikio, pua na koo. Ukinyoosha meno huku mdomo unabaki wazi, yatarudi.

Wengine wamezaliwa na taya la chini lililobaki nyuma. Kwao kuna vifaa vya kuvaa na kuvua vinavyolifundisha taya kukaa mbele, na hufanya kazi wakati wa kukua kwa kasi tu, kati ya miaka 11 na 14 hivi. Meno yaliyotokeza sana pia ndiyo huvunjika kwanza mtoto akianguka uwanjani au akitupwa na boda, kwa hiyo jambo hili halihusu sura pekee.

Ya chini yanapita ya juu, au upande mmoja meno ya juu yanaingia ndani ya yale ya chini

Hapa usingoje. Mtoto anayelazimika kuhamisha taya upande mmoja ili aume huendelea kukua akiwa ameinama hivyo. Kati ya miaka 7 na 10 kaakaa bado linaweza kupanuliwa na taya la juu kuvutwa mbele. Baada ya ukuaji kwisha, kinachobaki mara nyingi ni upasuaji wa taya.

Meno yalikuwa sawa, sasa mtu mzima anaona yanahama

Mwalimu wa miaka 45 anakuja akisema mwanya umefunguka mbele mwaka huu. Wengi hulishutumu gego la mwisho, lile la miaka 18 na kuendelea. Halina nguvu hiyo watu wanayolidhania. Angalia fizi. Zikitoka damu ukipiga mswaki, zikiwa zimerudi nyuma, kuna ugonjwa unaokula mfupa, na jino lisilo na mfupa husukumwa na ulimi tu. Chanzo kingine ni gego lililong'olewa zamani na pengo likaachwa: la nyuma huinama mbele, la juu hushuka kwenye shimo, na kuuma kote kunabadilika. Tiba huanza na kusafisha fizi mpaka damu ikome. Waya ukiwekwa juu ya fizi mbovu, huyatoa meno haraka zaidi.

Meno ya Nakuru

Ndugu zangu wa Nakuru na Bonde la Ufa huniuliza kama breisi, yaani waya za meno, zitaondoa rangi ya kahawia ya meno yao. Haziondoi. Rangi hiyo ilitokana na floridi nyingi kwenye maji ya visima wakati meno yanaundwa utotoni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya bonde hilo hupita hapo. Inahusika na waya kwa njia moja tu: gundi haishiki vizuri kwenye jino la namna hiyo, na braketi, vile vipande vidogo vinavyobandikwa kwenye jino ili kushika waya, hutoka mara kwa mara. Mwambie daktari mapema ulikulia wapi ili aliandae jino ipasavyo.

Waya unafanyaje kazi

Jino halijagongomewa mfupani kama msumari kwenye ubao. Linaning'inia ndani ya shimo lake kwa nyuzi ndogo sana. Ukilisukuma polepole bila kuacha, upande unaobanwa chembe hai za mwili hula mfupa, na upande unaoachwa chembe nyingine hujenga mfupa mpya. Jino husafiri na shimo lake. Mwendo wake ni kama milimita moja kwa mwezi, na kukaza zaidi hakuongezi kasi: kunakata damu, kunaumiza, na kunaweza kufupisha mzizi. Ndiyo maana mtu akikuahidi meno yaliyonyooka kwa miezi miwili, ondoka.

Waya za kwanza ni nyembamba, za nikeli na titani, zenye tabia ya kukumbuka umbo lake. Unazikunja zifuate meno yaliyopinda, nazo siku na usiku hujaribu kurudi kwenye mstari, zikiyabeba meno. Baadaye huja waya nene za chuma, na raba ndogo za kuunganisha taya la juu na la chini. Kwa kawaida safari nzima ni miezi 18 hadi 24, wengine zaidi, na marudio ya kliniki kila wiki 4 hadi 8. Vipo pia vifuniko vya plastiki angavu vinavyovaliwa saa 20 hadi 22 kwa siku. Hufaa kwa matatizo mepesi na kwa mtu mwenye nidhamu.

Kwa kliniki za binafsi breisi hupita laki moja ya shilingi kwa urahisi. Omba bei ya safari nzima kwa maandishi: picha, waya, marudio, riteina ya mwisho (kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka). Anzia idara ya meno ya hospitali ya rufaa, Jaramogi kwa Kisumu, au ya kaunti Kakamega na Nakuru, upate uchunguzi na ushauri wa nani anayefaa. Wataalamu wenyewe wa kunyoosha meno ni wachache na wengi wako Nairobi. Jina la daktari unaweza kulitafuta kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno Kenya, mtandaoni, na orodha hiyo inaonyesha pia kama ni mtaalamu wa fani hiyo. Breisi za urembo zinazobandikwa saluni kwa elfu chache, msizikubali. Zinasukuma meno bila mtu anayejua yanakwenda wapi.

Umeshawekwa waya na kuna shida

Maumivu ya siku 3 hadi 5 baada ya kukazwa ni ya kawaida. Uji, ugali laini, mchuzi wa omena, paracetamol ukihitaji. Maumivu ya jino moja yanayozidi wiki si ya kawaida.

Braketi imetoka? Kama bado inaning'inia kwenye waya, iache, piga simu kliniki. Usingoje siku ya marudio, maana jino hilo limesimama wakati wenzake wanatembea. Sababu huwa ni moja kati ya tatu: miwa, mahindi ya kuchoma, au mifupa. Najua ni vigumu kupita Awasi au Muhoroni na usinunue miwa. Kijana mmoja alinionyesha braketi 4 mkononi, zimefungwa kwenye karatasi ya daftari, na utomvu wa muwa bado ulikuwa juu yake. Mahindi yapukuchue, uyale punje punje. Muwa uache kabisa mpaka waya utoke.

Waya unachoma shavu? Bandika nta ya breisi, au pamba safi kwa usiku mmoja. Ukiwa mwembamba, usukume chini kwa nyuma ya penseli yenye kifutio kisafi. Usiukate kwa kikata kucha, kipande kinaweza kumezwa.

Madoa meupe kuzunguka braketi ni kuoza kunakoanza, na huweza kutokea ndani ya mwezi mmoja tu. Piga mswaki kila baada ya chakula kwa dawa yenye floridi, juu ya waya kisha chini ya waya, na soda iache. Nimeona msichana akitolewa breisi mstari umenyooka kama rula, na kila jino lina alama ya mraba mweupe. Alilia, nami nililia naye.

Na meno yasiposogea miezi mitatu, uliza kuhusu raba. Je, zinavaliwa saa zote zilizoagizwa, au zinakaa mfukoni mwa sare?

Waya umetoka, meno yanarudi

Nyuzi zinazoshika jino huchukua miezi mingi kuzoea makao mapya, na nyingine hubaki zikivuta. Riteina ndiyo inayazuia. Miezi ya kwanza huvaliwa karibu saa zote, kisha kila usiku, na ushauri wangu ni kuendelea usiku maisha yote. Ioshe kwa maji baridi na mswaki. Maji ya moto huipinda. Usiifunge kwenye tishu ukiwa unakula. Yangu ya kwanza niliipoteza hivyo kwenye kibanda cha samaki Dunga, muhudumu akaifagia pamoja na mifupa ya ngege. Siku ya tano tu nilikuwa nahisi chonge yangu inabana. Ikikupotea, usingoje mwisho wa mwezi. Piga simu kesho yake asubuhi uchukuliwe kipimo kipya.